Mgeni wa Kudumu: Sheria ya Kikoloni, Mitaa ya Eastlands na Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yana nia ya kuichunguza sentensi moja ambayo imejirudia kwa muda mrefu katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili nchini Kenya: kwamba mhusika fulani "aliharibiwa na mji". Mwanafunzi wa shule ya upili huiandika, mwanafunzi wa uzamili huirudia kwa istilahi nzito zaidi, na mwandishi wa makala haya hana budi kukiri kwamba naye aliwahi kuiandika katika mtihani akapewa alama nzuri. Aghalabu sentensi hii huambatana na pacha wake, yaani dai kwamba kijiji ndicho chimbuko la maadili na kwamba wokovu wa mhusika umo katika kurudi shambani.

Hoja ya makala haya ni kwamba mgawanyo huu wa mji mwovu na shamba jema hautokani na riwaya zenyewe, wala hautokani na turathi ya fasihi ya Kiswahili. Ulikuwa kanuni ya utawala kabla ya kuwa kanuni ya uhakiki. Uliandikwa kwanza katika sheria za serikali ya kikoloni, ukajengwa kwa mawe na mabati katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kisha ukahamia katika fikra za wasomi waliozaliwa baada ya sheria hizo kufutwa. Ili kulithibitisha dai hili, tutaanza na maana ya mji katika turathi, tuitazame sheria na mitaa iliyotokana nayo, halafu tuzirudie riwaya tatu ambazo husomwa sana madarasani.

Mji katika turathi ya Kiswahili

Yeyote anayeifahamu fasihi kongwe ya pwani atakubali kwamba ndani yake mji ni kitovu cha utu. Katika Lamu, Pate na Mombasa, muungwana alikuwa mtu wa mji. Msikiti, chuo, mahakama ya kadhi na nyumba ya mawe vilikuwa mjini, na maneno kama uungwana na utamaduni yalipata uzito wake humo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaomboleza magofu ya Pate. Kinachomliza mshairi ni kwamba mji umekufa, na kufa kwa mji kunamfundisha kufa kwa kila fahari ya dunia. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye aliutetea mji wake kwa ushairi kama mtu anavyomtetea mzazi.

Hatusemi kwamba mtazamo huo ulikuwa wa haki. Uungwana wa mjini ulisimama juu ya migongo ya watumwa waliolima mashamba, na mtu wa shamba alidharauliwa kwa jina na kwa hadhi. Lakini kwa hoja yetu inatosha kutambua kwamba mtu anayesema kuwa Mswahili tangu jadi aliuona mji kuwa pango la uovu anaigeuza turathi juu chini. Kama wazo hilo halikutoka pwani, basi lilitoka wapi?

Sheria na utengenezaji wa mgeni

Jibu linaanzia katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 iliiweka ardhi ya Waafrika chini ya milki ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akatoa uamuzi uliowafanya Waafrika kuwa wapangaji wanaokaa juu ya ardhi yao kwa ridhaa ya Mfalme tu. Wakati huohuo, utawala ulishikilia kwamba makazi halisi ya Mwafrika ni katika hifadhi ya kabila lake, na kwamba akionekana Nairobi basi amekuja kufanya kazi na atarudi. Tukizisoma kauli hizi mbili pamoja tunakutana na kitendawili. Mwafrika aliambiwa kwamba mjini si kwake, kwake ni shambani. Huko shambani nako alikuwa mpangaji. Kote kuwili alikuwa mgeni.

Mitaa ya Eastlands ndiyo sura ya kitendawili hicho. Kabla yake vilikuwapo vijiji vya Waafrika vilivyoota vyenyewe, kama Pangani, ambako watu walijijengea nyumba za vyumba vingi kwa mtindo wa pwani, wakapangisha na wakaishi kwa lugha ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilitenga eneo la Pumwani kuwa mahali pa Waafrika. Mwenye nyumba wa Pumwani alimiliki kuta na paa, lakini ardhi iliyo chini ya kuta ilibaki kuwa ya halmashauri. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Zikafuata Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo na Jericho. Kwa sehemu kubwa, nyumba za wafanyakazi katika kipindi hicho zilipimwa kwa kitanda. Mshahara ulikuwa wa mseja, na chumba kilikuwa cha mseja vilevile. Mke, watoto na wazee walidhaniwa kuwa wanalishwa na shamba. Tume ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mfanyakazi alipwe mshahara unaoweza kukimu familia, ilikuwa inakiri kwamba hadi wakati huo sheria na uchumi vilikuwa vimeshirikiana kuizuia familia isikae mjini.

Mwaka huohuo wa 1954, tarehe 24 Aprili, jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vyumbani wakachujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Familia nyingi zilirudishwa kwa nguvu katika hifadhi. Kwa mtazamo wa sheria, watu hao walikuwa wakipelekwa "kwao".

Kipande kama matini

Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu sheria hizi zilifanya kazi kwa njia ya maandishi, na maandishi yana msimulizi, msimuliwa na msomaji.

Tuchukue kipande. Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kubeba hati iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma, ambacho aghalabu kilining'inizwa shingoni. Hati hiyo ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama ya kidole chake, na maelezo ya kila mwajiri kuhusu kazi na mshahara. Akitembea bila hati, au hati ikiwa haioneshi kwamba mwajiri wa mwisho alimruhusu kuondoka, alishtakiwa. Upinzani dhidi ya kipande na kodi ulichangia kukamatwa kwa Harry Thuku mwezi Machi 1922, na waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Kwa maelfu ya wanaume wa nchi hii, kipande kilikuwa matini ya kwanza iliyosimulia maisha yao. Kilikuwa wasifu, ila mwenye maisha hakuruhusiwa kushika kalamu. Msimulizi alikuwa mwajiri, msomaji alikuwa askari, na msimuliwa aliibeba hadithi yake bila uwezo wa kuisahihisha. Muundo wake nao ni wa kuangaliwa. Masimulizi yanaanza kwa kabila na mahali pa asili, yanapita katika kazi za mjini, na mwisho wake unaotarajiwa ni kurudi. Asiyerudi na asiye na mwajiri hakuwa na nafasi katika muundo huo isipokuwa kwa jina la mzururaji. Sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi ilipofutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru.

Inafaa kuiweka matini hiyo kando ya nyingine iliyo maarufu zaidi katika taaluma yetu. Mwaka 1934 kilichapishwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela wa Freretown, kitabu kinachosimulia kukombolewa kwa watumwa na kuwashukuru Waingereza kwa ukombozi huo. Wahakiki wengi wamekilaumu kwa shukrani hiyo, na lawama yao ina msingi. Lakini ni mara chache tumekumbuka kwamba kitabu cha uhuru kilichapishwa katika koloni ambalo wanaume wake walikuwa wakitembea na vikasha shingoni. Historia ikaongeza jambo. Tom Mbotela, wa ukoo uleule, alikuwa kiongozi katika chama cha KAU aliyepinga njia ya Mau Mau. Aliuawa Nairobi mwezi Novemba 1952, na serikali ikaupa mtaa mmoja wa Eastlands jina lake, kama ilivyofanya kwa Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka uliofuata. Kwa hiyo majina ya mitaa hiyo nayo ni masimulizi ya utawala. Yalichagua ni kifo kipi kikumbukwe na kipi kiachwe. Wakazi wanayatamka kila siku wakipanda matatu bila kuulizana yalitoka wapi.

Mwanamke asiye na kipande

Mwanamke hakutakiwa kubeba kipande. Mtu aweza kudhani kwamba huo ulikuwa unafuu, lakini maana yake ilikuwa kwamba sheria haikumtambua kama mfanyakazi wa mjini. Akiwa hana mume wa kumtaja, lililobaki ni jina la malaya. Neno hilo lilibeba hukumu kabla ya ushahidi.

Hata hivyo, utafiti wa Janet Bujra na wa Luise White, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1990 kikitegemea sana masimulizi ya wazee wa Nairobi wenyewe, umeonesha picha iliyo tofauti kabisa. Wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba wa kwanza wa Pangani na Pumwani. Wengi wao walisilimu, wakaunda udugu mpya uliovuka kabila, wakapangisha vyumba na wakapika pombe, ijapokuwa halmashauri ilijihifadhia yenyewe haki ya kuuza pombe na kuwashtaki wapishi hao. White anaonesha pia kwamba wapo waliotuma fedha nyumbani kuwanusuru wazazi wao na kurudisha mifugo iliyopotea. Ukweli huu unaipindua sentensi tuliyoanza nayo. Katika maisha ya wanawake hao mji haukulila shamba. Mji ulililisha.

Msomi wa Kiswahili angepaswa kuvutiwa na wanawake hao kuliko msomi mwingine yeyote, kwa kuwa walikuwa wakiyahamishia bara mawazo ya kipwani kuhusu mji: nyumba ya vyumba vingi, dini, lugha, na heshima ya mwenye kumiliki kuta zake. Badala yake tumewaacha mikononi mwa wanahistoria, nasi tumebaki na malaya wa kubuni anayeadhibiwa katika sura ya mwisho.

Riwaya zikisomwa upya

Sasa tuzirudie riwaya. Nyingi kati ya zile tunazozifundisha zilitoka Tanzania Bara na Zanzibar, ambako historia ya mji si ile ya Nairobi. Lakini tumezisoma tukiwa Nairobi, na ni usomaji huo tunaouhoji hapa.

Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ndiyo inayoelekea kuwapa nguvu wanaotetea sentensi yetu. Utubora anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu, na mwandishi anamsifu kwa hilo. Pamoja na hayo, Utubora anakwenda kwa hiari yake, na hakuna askari anayemsindikiza. Anachokitafuta ni kazi isiyo na bwana. Tukimsoma karibu na kipande tutaona kwamba riwaya inasifu uhuru wa kuchagua mahali pa kuishi, na uhuru huo ndio hasa ulionyimwa mkazi wa Pumwani na Bahati. Kumfanya Utubora kuwa wakili wa kurudisha watu shambani ni kumdhulumu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, imehakikiwa mara nyingi kama hadithi ya msichana wa kijijini aliyeharibiwa na maisha ya mbali na kwao. Lakini Kezilahabi anaanza na nyumba ya Namagondo na fimbo ya Zakaria. Baba aliyemfungia binti yake asijue dunia ndiye aliyemtuma duniani bila silaha. Uharibifu, kama tutaliridhia neno hilo, unaanzia kijijini, ndani ya ukuta wa baba. Mwandishi ameliweka jambo hilo katika kurasa za mwanzo, mahali ambapo hakuna msomaji anayeweza kudai kwamba hakuliona. Na bado hatukuliona, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kujua hadithi ya aina hii humalizikia wapi.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, inatoa ushahidi mzito zaidi. Rehema anatupwa nje ya familia kwa sababu baba yake, Fuad, anaitilia shaka rangi yake. Anapitia mjini, anaishi maisha ya kuuza mwili, kisha anakwenda kuishi shambani na Sulubu. Mhakiki aliyeshiba sentensi yetu husimama hapo na kushangilia kwamba shamba limemwokoa. Riwaya haisimami hapo. Suala la urithi linamfuata Rehema hadi shambani, haki yake ya kukaa inahojiwa, na ugomvi unamalizika kwa damu. Rehema hana mahali. Mjini ni mwanamke asiye na jina jema, na shambani ni mkaaji asiye na hati. Huyu ndiye mgeni wa kudumu tuliyemwona katika sheria, na mwandishi wa Zanzibar amemchora kwa ukamilifu ambao uhakiki wetu haujaufikia.

Ulinganisho na riwaya moja ya Kiingereza iliyoandikwa kuhusu mitaa hii yenyewe utatufaa. Katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986, Paulina anafika Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, kuishi na mumewe katika chumba cha Pumwani. Mimba inaharibika, anatoka hospitalini na kupotea njia, na anaporudi mumewe anampiga. Mtaa umejengwa kwa namna ambayo mke hakuwazwa, hivyo hata kujua njia ya kurudi chumbani ni elimu anayopaswa kuilipia. Lakini riwaya inamwacha Paulina mwaka 1978 akiwa Nairobi, mtu mzima anayejikimu na mwenye tumaini la mtoto. Macgoye anauonesha ukatili wa mji bila kumtoza mwanamke gharama yake. Ni vigumu kuitumia sentensi yetu kwa Paulina, na labda ndiyo sababu hatumtaji sana tunapozungumzia mji katika riwaya.

"Kwenu ni wapi?"

Kuna watakaosema kwamba tunachimbua makaburi, kwamba kipande kilifutwa na Anvil imepita. Pingamizi hili linastahili jibu, na jibu limo katika lugha yetu ya kila siku. Nairobi ya leo bado inakiita kitambulisho cha taifa "kipande". Mwandishi wa makala haya, aliyezaliwa Pumwani na kulelewa Maringo, aliulizwa na karani wa ofisi moja alipokwenda kuomba hati yake ya kwanza: "Kwenu ni wapi?" Akajibu, "Maringo." Karani akacheka kwa upole, akasema, "Hapo ni mnapokaa, kijana. Nauliza kwenu." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiendeleza sarufi ambamo kukaa na kuwa na kwenu ni vitu viwili tofauti.

Sarufi hiyo imewahi kupata idhini ya mahakama. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akataka kumzika karibu na Nairobi, mahali walipoishi na kulea watoto. Ukoo wa Umira Kager ukadai maiti kwa mujibu wa mila. Katika mabishano ilisisitizwa tofauti kati ya nyumba, ambayo mtu aweza kuwa nayo mjini, na boma la asili, ambalo haliwezi kuwa mjini. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mengi yameandikwa kuhusu jinsia na ukabila katika kesi hiyo. Tunaloliongeza ni kwamba mila iliyotajwa pale ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya utawala uliohitaji kila Mwafrika awe na kwao nje ya mji. Hatudai kwamba Waluo hawakuwa na desturi ya maziko. Tunadai kwamba desturi ikishagandishwa kuwa kanuni mbele ya hakimu, haibaki ilivyokuwa mikononi mwa wazee waliokuwa na uhuru wa kuibishania.

Vijana wa Eastlands wamelijibu swali la karani kwa njia yao. Katika Sheng, kijijini kwa wazazi ni "ushago", neno lenye utani ndani yake, na "mtaa" ndilo neno linalobeba mapenzi na uaminifu. Mahali palipokuwa "kwenu" pamegeuka kuwa mahali panapohitaji jina la kubandikwa. Wanaoilaumu Sheng kwa kuiharibu lugha wangefanya vyema kuusikiliza uhakiki huu wa sheria unaofanywa kwa neno moja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba mgawanyo wa mji mwovu na shamba jema ulitungwa na sheria iliyotaka nguvu za Mwafrika mjini bila kumtaka mwenyewe, kwamba turathi ya pwani haikuujua, na kwamba riwaya tunazozifundisha zinaupinga kuliko tulivyokubali. Wajibu unaotokana na hayo ni wa darasani kwanza. Mwanafunzi anapoandika kwamba mhusika aliharibiwa na mji, tumuulize: ni sheria ipi iliyomnyima chumba, hati au urithi? Nani alimwambia arudi, na alikorudi palikuwa pake?

Swali hili lina uzito leo. Mtaa wa zamani wa halmashauri uliobeba jina la Pangani umebomolewa katika miaka ya karibuni ili kupisha nyumba za ghorofa, na mitaa mingine ya umri wake imo katika mipango ya aina hiyo. Wazee waliozaliwa humo wanatakiwa tena kueleza walikuwa humo kwa haki gani. Uhakiki wa fasihi hauwezi kuzuia tingatinga. Unaweza, hata hivyo, kuacha kuwaambia watoto wa mitaa hiyo, kupitia vitabu vya kozi, kwamba mahali walipozaliwa si mahali pa mtu mwema kubaki.